Likizo ya ugonjwa: kura ikishapita, ufunguo anao nani?

SWALI: Shikamoo mwanasheria. Mimi na wenzangu tunatunza wazee huku Marekani, wengi wetu kwa ejensi mbili ili maisha yaende. Jimbo letu halina sheria ya likizo ya ugonjwa yenye malipo. Ukiumwa hulipwi, na ukikosa zamu unaandikiwa pointi, zikijaa unaachishwa. Sasa kuna mpango wa kupeleka sheria kwenye kura ya wananchi. Bwana mmoja wa jumuiya yetu anasema tumchangie, muswada anao tayari, sahihi atazikusanya kwa simu, na hata sisi tusio raia tusaini tu. Je, sahihi ngapi zinatosha, na kura ikipita tutaanza kulipwa lini? – Mtunza wazee, zamu ya usiku

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na maneno yako ya mwisho, "kura ikipita", maana nayasikia kila wiki na yananichosha. Watu wanaizungumzia kura kama ndoa: ikishafungwa, wageni wanakula pilau na kwenda zao.

Missouri waliifunga ndoa hiyo Novemba 2024. Wapiga kura karibu asilimia 58 walipitisha Proposition A, iliyompa mfanyakazi saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 za kazi. Wapinzani wakaenda mahakamani, na Aprili 2025 mahakama ya juu ya jimbo ikasema kura ilikuwa halali. Tarehe 1 Mei saa zikaanza kuhesabiwa. Julai gavana akatia saini muswada wa kuzifuta, na tarehe 28 Agosti zikafutika. Haikutimia hata miezi minne. Kura haikuibwa. Ile ilikuwa sheria ya kawaida, haikuwa kifungu cha katiba, na kwa Missouri sheria ya kawaida, hata ikitungwa na wananchi wenyewe, Bunge la jimbo linaweza kuifuta kama linavyofuta nyingine yoyote.

Sasa tazama Arizona. Novemba 2016 walipiga kura ya namna hiyohiyo, saa moja kwa kila saa 30, na waliosema ndiyo walikuwa asilimia 58 na kidogo. Likizo ikaanza Julai 2017 na mpaka leo ipo. Watu wa Arizona hawakuwa na ari kuliko wale wa Missouri. Hesabu ya kura inakaribia kufanana. Walichokuwa nacho ni kitasa walichokiweka kwenye katiba yao mwaka 1998: sheria iliyopitishwa na wapiga kura, Bunge haliwezi kuifuta, na likitaka kuirekebisha lazima lipate robo tatu ya kura katika kila moja ya mabaraza yake mawili, tena marekebisho yenyewe yawe ya kuendeleza kusudi la sheria hiyo.

Michigan wana kitasa pia, na hapo ndipo utajua kuwa kitasa chenyewe kinataka kusomwa vizuri. Mwaka 2018 sahihi zilitosha, pendekezo likawa njiani kwenda kwa wapiga kura. Bunge likafanya kitu ambacho mtu asiyejua angeshangilia: Septemba likaipitisha sheria hiyo lenyewe, neno kwa neno. Kwa hiyo haikwenda kwenye kura. Na kwa kuwa haikwenda kwenye kura, ile kinga ya robo tatu haikuigusa. Desemba, uchaguzi ukiwa umeshapita, wabunge haohao wakaikatakata kwa wingi wa kawaida na kuwatoa kabisa waajiri wenye wafanyakazi chini ya 50. Ilichukua hadi Julai 2024 mahakama ya juu ya Michigan kusema ule mchezo ulivunja katiba, na sheria ikarudi kufanya kazi Februari 2025. Hesabu mwenyewe ni mafua mangapi yamepita hapo katikati.

Mji nao ukijitungia sheria peke yake haujasalimika. Milwaukee walipitisha yao kwa kura mwaka 2008, ikakwama mahakamani, na mwaka 2011 jimbo la Wisconsin likatunga sheria inayozuia miji kuwa na kanuni zake za likizo ya ugonjwa. Ikaishia hapo.

Kwa hiyo swali linalotangulia idadi ya sahihi ni hili: katiba ya jimbo lenu inaruhusu kura ya namna hii? Karibu nusu ya majimbo hayana njia hiyo kabisa, na huko kazi yote iko kwa wabunge. Kama inaruhusu, sheria ya wananchi inalindwa na nini? Kama hailindwi, je, mna nguvu ya kwenda njia ya katiba? Njia hiyo ni ghali zaidi. Missouri, kwa mfano, sheria ya kawaida inadai sahihi za asilimia 5 ya wapiga kura katika wilaya sita kati ya nane za bunge la taifa, na kifungu cha katiba asilimia 8. Siwacheki waliochagua njia rahisi. Kukusanya sahihi ni pesa, jua na miguu. Ila anayeichagua ajue kwamba asubuhi baada ya ushindi anatakiwa awe mlangoni kwa wabunge, na bajeti ya kampeni iwe imebaki na kitu.

Nije kwa huo "muswada tayari". Bwana huyo anawauzia mbuzi kwenye gunia. Fungua gunia, nenda moja kwa moja ukurasa wa fasili, pale penye "mfanyakazi maana yake ni" na "mwajiri maana yake ni". Siku nyingi za likizo zimeandikwa kurasa za mbele, na kwenye fasili ndiko wanakotolewa watu kama ninyi. Connecticut lilikuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria hii, mwaka 2011, na dunia ikapiga makofi. Lakini iliwahusu tu waajiri wenye watu 50 na zaidi, na tena wafanyakazi wa huduma waliotajwa kwa orodha ya kazi. Vibarua wa siku na wa muda walikuwa nje. Marekebisho yanayowafikia waajiri wadogo yamekuja kuanza Januari 2025, na yatakamilika 2027. Na wakati wa korona, sheria ya shirikisho ya mwaka 2020 ilitoa wiki mbili za likizo yenye malipo, ila ikawaacha waajiri wenye watu 500 na zaidi, na ikawaruhusu waajiri wa sekta ya afya kuwatoa watu wao. Aliyekuwa akimwogesha na kumlisha mgonjwa ndiye aliyeweza kunyimwa.

Kwenu mimi ningetafuta mambo matatu kwa jicho kali. La kwanza ni hilo la fasili: anayeajiriwa na ejensi yumo? Aliyeajiriwa na familia moja kwa moja yumo? Yule ambaye ejensi inamwita "mkandarasi wa kujitegemea" ilhali inampangia zamu, sare na bosi, yumo?

La pili ni hesabu ya saa. Chukua mwenzenu anayefanya saa 24 kwa wiki kwenye kila ejensi. Ni saa 48, mtu aliyechoka. Lakini saa zinahesabiwa kwa kila mwajiri peke yake. Kwa kiwango cha saa moja kwa 30, kila ejensi inampa sifuri nukta nane kwa wiki. Ili apate kulala usiku mmoja wa zamu ya saa 12 akiwa na homa na bado alipwe, anahitaji wiki 15 kwenye ejensi hiyo. Kiwango kikiwa moja kwa 40, kama ilivyokuwa Connecticut mwanzoni, wiki 20. Wengine wanaongeza sharti la siku 90 tangu kuajiriwa kabla hujaruhusiwa kutumia hata saa moja. Kwenye kazi ambayo watu hawakai mwaka, masharti hayo yanakula sheria nzima.

La tatu ni pointi, na hapa ndipo sheria nyingi zinapofia kimyakimya. Mtu ana saa zake halali, anapiga simu saa kumi jioni kusema anatapika, analipwa, halafu bado anaandikiwa pointi ya utoro. Kama muswada hausemi waziwazi kuwa saa za ugonjwa zilizotumika kisheria zisihesabiwe kwenye pointi, basi mwajiri amewalipa kwa mkono huu na kuwafukuza kwa ule. Hali kadhalika ile ya "tafuta mtu wa kukushikia shifti ndipo ulale". Hiyo ipigwe marufuku kwa maneno. Cheti cha daktari nacho: sheria nyingi zinakidai tu ukikosa siku tatu mfululizo au zaidi; kikidaiwa siku ya kwanza, mgonjwa asiye na bima ataona heri aende kazini. Na pawe na ofisi iliyotajwa ya kupokea malalamiko. Arizona waliongeza kitu ninachokipenda: mwajiri akimchukulia mfanyakazi hatua ndani ya siku 90 tangu atumie haki yake, inachukuliwa kuwa ni kisasi, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wa mwajiri.

Nilishawahi kuletewa muswada wa "mtaalamu" wa aina hiyo. Karatasi nzuri, nembo juu. Ukurasa wa pili ulikuwa umenakiliwa kutoka jimbo jingine bila hata kubadilisha jina la wizara yake ya kazi. Watu walikuwa wameshachangishana.

Sahihi sasa. Orodha za mtandaoni zina kazi yake, zinaonyesha watu wapo, lakini kwa kura ya wananchi ni sawa na kutwanga maji kwenye kinu. Kwa kawaida sahihi inayohesabiwa ni ya wino, kwenye fomu iliyoidhinishwa, ya mpiga kura aliyeandikishwa, anwani ikilingana na ile ya daftari, mbele ya mkusanyaji. Nimewahi kukaa na timu iliyokuwa ikikagua karatasi zake kabla ya kuzipeleka. Karani wao alipita na kalamu nyekundu, mstari baada ya mstari: amehama, hayumo, kaandika jina la utani, mke kamsainia mume. Karatasi iliyokuja imejaa ikabaki na mistari michache. Ndiyo maana kampeni makini hukusanya nyingi mno kuliko zinazodaiwa. Idadi yenyewe mtaipata ofisi ya katibu wa jimbo, bure.

Na hapa naomba usome polepole, kisha uwasomee wenzako. Asiye raia ASISAINI. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, mkimbizi, mwenye kibali cha kazi, wote. Fomu ile inamfanya anayesaini athibitishe kuwa ni mpiga kura aliyeandikishwa, na mpiga kura ni raia. Kudai uraia usio nao ni kosa linaloweza kumwondoa mtu nchini, hata kama ana miaka ishirini na watoto waliozaliwa hapa. Maneno ya "hakuna atakayejua" huwa yanasemwa na mtu ambaye faili la uhamiaji si lake.

Hii haina maana kwamba asiye raia akae kando. Anaweza kwenda kwenye kamati ya Bunge la jimbo na kueleza usiku ule aliomgeuza mzee kitandani yeye mwenyewe ana homa. Anaweza kugawa vipeperushi. Sheria ya shirikisho ya mahusiano ya kazi ya mwaka 1935 inawalinda wafanyakazi wa sekta binafsi wanaposhirikiana kudai hali bora, na mwaka 1978, katika kesi ya Eastex, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema ulinzi huo unagusa hata vipeperushi vinavyohusu sheria zinazotungwa, vikigawiwa nje ya muda wa kazi na katika sehemu ambazo si za kufanyia kazi. Ila sheria hiyohiyo haiwahusu walioajiriwa na familia majumbani, wala wakandarasi wa kweli. Wa ejensi wanaingia. Wa familia wasijitokeze mbele kabla hawajapata ushauri.

Kuhusu lini mtalipwa, tarehe huandikwa ndani ya sheria yenyewe, na kwa Missouri na Arizona ilikuwa miezi sita hadi minane baada ya kura.

Kabla hamjampa huyo bwana senti, mwombeni awaonyeshe fomu ya sahihi anayotaka kutumia. Majimbo mengi yana sehemu chini yake ambapo mkusanyaji anaapa kuwa sahihi ziliandikwa mbele yake na kwamba anaamini waliosaini ni wapiga kura. Mwulizeni kama yuko tayari kuandika jina lake hapo.