Maswali ya Wasomaji: Nani Alimuua Kapteni Logan?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi ni mpenzi wa stori za upelelezi hasa zile za zamani za kwenye makambi ya wafungwa enzi za ukoloni. Kuna hiki kisa cha Kapteni Logan wa Australia aliyeuawa porini mwaka 1830. Shemeji yangu anasema wafungwa wake wenyewe ndo walimmaliza, mi nasema ni wenyeji. Tumebishana mpaka tumenuniana, hebu tuamulie.
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yetu wa Tanga, hapo wa kuwaamulia ni mgumu kupatikana maana hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kushtakiwa kwa mauaji hayo.

Kwa wasioijua stori, Patrick Logan alikuwa mkuu wa kambi ya Moreton Bay kuanzia mwaka 1826, pale ambapo leo ni jiji la Brisbane. Wafungwa wa pale wengi walikuwa wameshasafirishwa toka Uingereza na Ireland, wakafika Australia wakakosea tena. Na jamaa alikuwa mkali hatari, viboko 50, viboko 100, mgongo unachanika na kesho yake kazi iko palepale. Kuna kinu cha kusagia nafaka cha enzi zake bado kimesimama katikati ya jiji, wafungwa walikuwa wanapandishwa kwenye gurudumu wanalikanyaga kwa miguu kutwa nzima ili mawe yazunguke. Maadui kwa hiyo alikuwa nao wa kumwaga, hata mhariri wa gazeti la Sydney Monitor, Edward Smith Hall, alimwandika kwamba ameua mfungwa, Logan akamfungulia kesi ya kumchafulia jina na kabla haijasikilizwa ndo akafa.

Ilikuwa hivi. Oktoba 1830 alitoka na mtumishi wake mwanajeshi pamoja na wafungwa kadhaa kwenda kuchora ramani, njiani kundi la Waaborijini, yaani hao wenyeji wa asili wa Australia, likawatishia. Tarehe 17 akawaacha wenzake akageuza farasi peke yake, na hakuonekana tena akiwa hai. Waliomtafuta wakakuta tandiko, vikuku vya kukanyagia vimekatwa, kisha kizibao chenye damu na karatasi za kidaftari chake, farasi naye kafia kwenye kijito kafunikwa matawi. Tarehe 28 ndo wakaupata mwili karibu na mlima Beppo, kaburi fupi tu, kalazwa kifudifudi na kichwa kimepondwa.

Aliyeshika nafasi yake, Kapteni Clunie, aliona ni wenyeji. Wimbo wa wafungwa wenyewe unaoimbwa mpaka leo nao unasema hivyohivyo, ila mi huo siuchukui kama ushahidi, we ungekuwa mfungwa wa Moreton Bay ungeimba kwamba ni mwenzako? Walipopata habari za kifo walishangilia kama wehu.

Mi naona nyie wote wawili mnauliza "hawa au wale" wakati kule porini mpaka huo haukuwepo. Wafungwa waliotoroka walikuwa wanaishi huko, wengine wamepokelewa na Waaborijini wanakula nao na kuongea lugha yao. Sasa kwa nini isiwe mtu mwenye makovu ya mjeledi mgongoni kamwona kapteni yuko peke yake, akawaambia wenyeji wake huyu ndo yule? Tetesi kwamba wafungwa ndo waliochochea zilikuwepo tangu wakati uleule, na mi nikilazimishwa kuchagua naegemea huko. Hii ni hisia yangu tu, usiende kumtambia shemeji.

Na kingine, kwa sheria za koloni wakati ule Mwaborijini alikuwa haruhusiwi kutoa ushahidi mahakamani kwa kuwa hawezi kula kiapo cha Kikristo. Kwa hiyo hata kama angekuwepo mmoja aliyeona kila kitu kwa macho yake, kumtupia lawama ilikuwa ruksa, kumsikiliza hapana.