Wali kilo nzima, vijana wanane: jibu kwa Mama Watatu wa Mbagala

SWALI (barua imefupishwa): Daktari, shikamoo. Nina watoto watatu, wa kiume wawili (miaka 17 na 15) na wa kike mmoja (13). Mume wangu anaendesha bajaji, mimi nashona nguo. Hela ya kula ni shilingi 12,000 kwa siku, na siku nyingine haifiki. Kinachonimaliza ni Jumamosi. Wanangu wakitoka mpirani saa kumi wanakuja na wenzao watano, jumla wanane. Napika wali kilo nzima, nyama robo, nanunua na soda mbili kubwa za lita moja na robo. Vyote vinaisha, na saa mbili usiku wangu wanauliza tena, “Mama, leo kuna nini?” Jirani anasema wana minyoo. Mkubwa anataka nimnunulie ile poda ya kujenga mwili, na binti analalamika kizunguzungu. Watoto wa watu siwezi kuwafukuza, ila nimeshindwa. Nipike nini, na kiasi gani? – Mama Watatu, Mbagala

JIBU: Marahaba, ingawa nahisi umri wetu unalingana. Na mimi si daktari, ni afisa lishe. Kazi yangu ni sufuria zaidi kuliko sindano.

Nianze na jirani. Kijana wa miaka 15 anayekula sana na huku suruali zinamwishia juu ya kifundo cha mguu hana haja ya kutafutiwa minyoo. Anakua. Wavulana wakifika kilele cha kukua huongeza hata sentimita 9 au 10 kwa mwaka mmoja, na mwili huo haujengwi kwa hewa. Mwanamke mzima mwenye kazi ya kukaa, kama wewe kwenye cherehani, anahitaji kilokalori kama 2,000 kwa siku. Mkubwa wako anayecheza mpira anahitaji 2,800 hadi 3,000. Yaani anapokula sahani yako na nusu ya pili, hajawa mlafi, yuko kwenye hesabu. Dawa ya minyoo wape kwa ratiba ya shule au zahanati kama kawaida, lakini usitegemee itapunguza wali. Kinachotakiwa kukushtua ni kijana anayekula sana huku anakonda, anakunywa maji kupita kiasi na kuamka usiku kukojoa. Huyo apelekwe akapimwe sukari siku hiyo hiyo.

Sasa tufungue sufuria yako ya Jumamosi. Kwa bei ulizonitajia, mchele ni 2,800, nyama robo 3,000, soda mbili 4,000. Hizo ni 9,800 kabla hujagusa kitunguu. Humo ndani mna nini? Mchele kilo moja una protini gramu 70 hivi, nyama robo kilo inaongeza kama 50. Jumla 120, gawa kwa wanane, kila mmoja anapata gramu 15. Kwa kijana aliyekimbia dakika tisini ni kidogo, na wali mweupe hauchelewi kushuka tumboni. Soda za aina ya kola zina sukari gramu 10 hadi 11 katika kila mililita 100. Lita zako mbili na nusu ni robo kilo ya sukari na zaidi kidogo. Umelipa shilingi 4,000 kwa sukari ambayo dukani, ukipimiwa kwenye kifuko, isingefika hata elfu moja. Saa mbili usiku wanapouliza kuna nini, wanasema kweli: chakula chenyewe kilikuwa kidogo kuliko kelele zake.

Kwa hiyo usipunguze kipimo. Badilisha kilichomo ndani ya kipimo.

Mimi Jumamosi hiyo ningepika makande. Najua, utaniambia vijana wa mjini wanayaita chakula cha bweni. Yale ya bweni yalipikwa kwa maji na chumvi. Wewe pika hivi: mahindi yaliyokobolewa kilo moja (1,800), maharage nusu kilo (1,600), nazi kubwa moja (1,200), nyanya, kitunguu na karoti za 1,000, mchicha mafungu mawili (600). Jumla 6,200. Mahindi yanaleta protini gramu 90 hivi, maharage 110, na sufuria nzima ina kilokalori karibu 6,000. Kwa wanane ni gramu 25 za protini na kilokalori 750 kwa kila mmoja. Tena mahindi na maharage husaidiana: protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage huujaza, na ya maharage ina upungufu ambao mahindi huujaza. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini hawakukosea.

Utauliza mkaa. Ni swali la haki, maana makande mabichi yanaweza kula kopo zima la mkaa. Ijumaa usiku loweka mahindi na maharage kwenye maji mengi, tena vyombo tofauti kwa sababu maharage hulainika mapema. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya. Tanguliza mahindi, nusu saa baadaye tia maharage, na hapo uache moto mkali yatokote kwelikweli kwa nusu saa nyingine. Hapo usifanye haraka. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjika yakitokota. Yakipikwa kwa moto wa uvuguvugu yanaweza kuwatapisha wote wanane. Yakishatokota vizuri, funika sufuria na uihamishie kwenye kapu kubwa ulilotandika blanketi kuukuu au vipande vya vitambaa (mshonaji huwezi kukosa), zungushia pande zote, weka mto juu, ukashone. Baada ya saa tatu au nne fungua. Mvuke utakupiga usoni, na punje utazibonyeza kwa vidole viwili. Rudisha motoni yatokote tena, kaanga kiungo pembeni, tia tui na mchicha mwishoni, dakika kumi yametosha. Magadi yaache. Yanalainisha haraka, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni.

Siku ambayo makande yatakataliwa, una njia nyingine. Ugali wa dona na maharage ya nazi. Pilau ya dengu, nyama ikiwa ya harufu tu. Mihogo ya kuchemsha nayo ni rahisi na inajaza, ila yenyewe karibu haina protini, basi isiende mezani bila dagaa au maharage. Dona nalipenda kuliko sembe kwa sababu halijavuliwa kiini na pumba, linakaa tumboni muda mrefu zaidi. Sharti lake ni moja: mahindi yawe makavu na safi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, na sumu hiyo kupika hakuiondoi. Ukinunua mahindi ya kusaga, yachague kama mchele wa harusi. Punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi au iliyosinyaa, tupa. Kuku pia usimpe.

Dagaa wanadharauliwa bure. Gramu 100 za dagaa wakavu zina protini inayokaribia gramu 60, na kwa kuwa tunawatafuna na miba yao, wanaleta chokaa ya mifupa ambayo wanaokua wanaihitaji kuliko sisi. Waoshe kwa maji ya moto mara mbili tatu, mchanga wote utabaki chini ya beseni. Kama vijana wako wanaona aibu macho yale kuwatazama mbele ya wenzao, wakaange wakavu wawe wa kutafunwa kama bisi, na limau na pilipili. Utashangaa.

Jambo ambalo hukuliuliza, ila nimelisoma katikati ya mistari: wanafika saa kumi wakiwa na njaa ya tangu asubuhi. Uliandika mahali kwamba wanakunywa chai ya rangi na andazi moja moja, kisha wanapitiliza mpaka jioni. Hapo unapambana na milo mitatu ndani ya mlo mmoja. Badilisha asubuhi. Uji mzito wa dona, robo kilo ya unga kwa watu watano, karanga zilizosagwa kiganja kimoja kila mtu, sukari kidogo, limau ukipenda. Karanga ni robo yake protini na karibu nusu yake mafuta. Mtoto aliyekunywa vikombe viwili vya uji huo hatavamia sufuria jioni. Na usihangaike na zile pakiti za unga wa lishe wenye nafaka nane na maelezo marefu mgongoni. Dona na karanga vinatosha, na bei unaijua.

Kuhusu hao watano. Mtoto anayependa kuleta wenzake nyumbani ni mtoto ambaye unajua yuko wapi saa kumi jioni, na mimi ningelipia hilo hata kwa nazi ya ziada. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hawa wamekuja zaidi ya Jumamosi mbili. Mmoja akune nazi, mwingine achambue mchicha, wawili waoshe vyombo. Usiwaambie kwa uchungu, waambie kama unavyowaambia wako. Mdoezi wa kweli utamjua hapo hapo, atakumbuka ameitwa nyumbani. Kinywaji ni maji ya ndimu au ukwaju kwenye ndoo yenye kifuniko, sukari vijiko vichache vya chakula kwa ndoo nzima. Soda iwe ya sikukuu.

Wali ukibaki nao una kanuni yake. Kiporo cha wali kilicholala ndani ya sufuria ya moto bila friji si salama. Kuna vijidudu vinavyovumilia kupikwa, huzaliana usiku katika joto la Dar na kutoa sumu isiyoondoka kwa kupasha asubuhi. Kama huna friji, pima wali uishe. Kwa watu wako hilo ndilo tatizo dogo kuliko yote.

Nimemwacha binti kwa makusudi, kwa sababu ndiye anayenihangaisha. Umesema wanakula sinia moja. Kwenye sinia anashinda mwenye mkono mwepesi, na msichana wa miaka 13 kati ya wavulana saba waliotoka mpirani hana mkono mwepesi. Pengine pia ndiye anayepakua, anayeleta maji, anayekaa wa mwisho. Mpakulie sahani yake pembeni kabla sinia halijatoka jikoni, na mboga na maharage yaonekane. Akishavunja ungo anapoteza madini ya chuma kila mwezi, na mahitaji yake ya chuma yanazidi ya kaka zake ingawa anakula kidogo kuliko wao.

Kisha angalia chai. Chai inayonywewa pamoja na chakula inazuia chuma cha maharage na mchicha kisiingie mwilini. Isogeze, iwe saa moja kabla au baada ya mlo. Mahali pake weka chungwa, embe, au kamulia ndimu kwenye mchicha, kwani vitamini C inafanya kazi kinyume, inakifungulia chuma mlango. Maini ya ng'ombe robo kilo mara moja kwa wiki mbili, kama mfuko unaruhusu, yatawasaidia wote. Muulize pia, taratibu na mkiwa wawili, kama anakula udongo au mchele mbichi. Wengi wanaona haya kusema, na mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu. Hata asiposema, mpeleke zahanati apimwe wingi wa damu wiki hii. Juisi ya rozela ni nzuri, mpe, lakini kama damu imeshuka juisi haitoshi, atahitaji vidonge, na vidonge vinaandikwa baada ya kipimo.

Limebaki la poda. Mkubwa wako, kama ana kilo 60, anahitaji protini gramu 50 na kidogo kwa siku. Kijiko kimoja cha poda nyingi za aina hiyo kina gramu 20 hadi 25. Ndicho kiasi kilichomo kwenye gramu 100 za maharage makavu, au gramu 40 za dagaa, au mayai manne. Misuli yake inatengenezwa na mazoezi, chakula cha kutosha na usingizi, na hicho cha mwisho simu ndiyo inamnyang'anya. Mwambie akuletee bei ya kopo moja aliloliona, halafu mwende wote wawili dukani mkaulize trei ya mayai. Yale ya 350 unayonunua ni 10,500 kwa trei ya mayai 30, na kila yai lina gramu 6. Mwachie karatasi na kalamu, apige hesabu mwenyewe.