Jibu kwa dada anayeambiwa "nyumba ina jina langu"

Dada, pole sana. Umeuliza mambo matatu: mumeo anadai nyumba ni yake kwa sababu karatasi ya mauziano ina jina lake peke yake, anasema miaka tisa yote ulikuwa "unakaa tu", na anatishia kumpeleka mtoto wenu wa miaka minne kwa bibi yake kijijini. Humu wamekujibu wanawake wenzako. Mimi nakujibu nikitokea upande wa mumeo, maana maneno hayo hayo niliyatamka mbele ya hakimu.

Kiwanja chetu kilikuwa hakijapimwa. Nilinunua mimi, kwa karatasi ya serikali ya mtaa, jina langu. Siku ya shauri nikasimama kifua mbele: "Mheshimiwa, huyu alikuwa mama wa nyumbani, hana alichochangia." Hakimu, mama mtu mzima, hakubishana nami. Aliuliza tu mafundi wangu walikuwa wanakula wapi. Nikasema palepale wanapojenga. Nani alikuwa anawapikia? Nikanyamaza. Mwenzangu akatoa kwenye kikapu daftari la shule lenye madoa ya mafuta. Kila kitu kiliandikwa na tarehe: mifuko ya saruji aliyopokea mimi nikiwa safarini, ndoo za maji, siku fundi alipotoroka, hela ya vitumbua iliyonunua misumari na bati tatu. Mimi nilikuja na karatasi moja.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania kinataja mchango wa fedha, mali au kazi. Na kama kazi za nyumbani ni mchango au la, Mahakama ya Rufani ilishalimaliza mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: ni mchango. Ila watu hupenda kulitaja nusunusu. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mume alikuwa ameshampa hela ya mradi wa familia naye akaitapanya. Kwa hiyo usiende ukidhani nusu kwa nusu inakuja yenyewe. Mtalaka wangu alipata asilimia 40, na bila lile daftari sidhani kama angefika hapo. Tafuta risiti, ujumbe wa simu, fundi aliyekula ugali wako akubali kuja kusema.

Sasa kosa la mtalaka wangu, usilirudie. Mara ya kwanza alikimbilia mahakamani moja kwa moja. Shauri likatupwa kwa kuwa hakupitia baraza la usuluhishi la ndoa, nami siku hiyo nilichinja kuku (aibu yangu hiyo). Miezi mitano ikapotea. Baraza lipo kwenye kata. Waislamu wengi hupitia Bakwata, na baadhi ya makanisa nayo yana mabaraza yao. Baraza halivunji ndoa. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, Fomu Namba 3, na unapofungua shauri hati hiyo iwe haijapita miezi 6. Barua ya mwenyekiti wa mtaa haitoshi, hata iwe na mihuri mitatu. Soma majina yenu kabla hujaondoka pale. Kuna watu wasiolazimika kupita huko, mfano aliyetelekezwa na hajui mwenzake yuko wapi, lakini wako si huyo, unalala naye nyumba moja.

Akianza kuleta madalali, wahi. Kifungu cha 59 kinamkataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa yako, ndoa ikiwa bado ipo. Kama imesajiliwa, weka zuio kwa msajili wa hati. Kama ni karatasi kama yangu, mwandikie mwenyekiti wa mtaa barua na ubaki na nakala aliyoisaini kuwa ameipokea.

Kuhusu mtoto, kifungu cha 125 kinaanza na dhana kwamba aliye chini ya miaka 7 akae na mama. Dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi, kwani kinachoangaliwa kwanza ni ustawi wa mtoto, lakini "mimi ndiye baba" si ushahidi. Akitishia tena, nenda kwa afisa ustawi wa jamii kabla hajapanda basi. Nasema kabla kwa sababu mimi nilifanya kweli. Nilimchukua binti yetu shuleni Ijumaa, yunifomu mwilini, hadi kwa mama yangu. Jumapili asubuhi mama akamfunga kanga kiunoni, akampakia kwenye basi, akamrudisha mwenyewe kwa mama yake. Mimi aliniambia tu kwamba yeye wa kwake alishamaliza kulea.