Bastola na vumbi la Dodoma: njia ya pini iache kavu

Wamiliki wengi wa bastola ninaowafahamu hapa Dodoma wana ugonjwa mmoja: oili. Mtu anapiga brashi mtutu, anafuta slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola inapolia) vizuri, halafu kwa kumalizia anachukua chupa ya mafuta ya cherehani na kudondoshea matone kwenye kale katundu inakotokea pini inayogonga risasi, eti iteleze. Anaifungia kwenye kabati, roho yake nyeupe. Siku akienda kwenye shabaha anavuta kifyatulio, inalia "tik", basi.

Nazungumzia bastola zisizo na nyundo kwa nje, kama Glock 17 na jamii yake. Ndani ya slaidi mna njia nyembamba, na humo ndimo inamokaa pini na springi yake. Ukivuta kifyatulio, pini inarudi nyuma, inaachiwa, inakimbia mbele na kugonga kiwashio kilicho katikati ya kitako cha risasi. Nguvu yake yote inatoka kwenye springi hiyo. Kitu chochote kinachoipunguzia mbio humo ndani, hata mafuta mazito peke yake, kinapunguza pigo. Ndiyo maana Glock wenyewe wanaagiza njia hiyo isitiwe mafuta. Si oili kidogo. Isitiwe kabisa.

Sasa ongeza hali ya kwetu. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni ya kusikia kwa wenzetu, upepo unavuma, na mimi nazunguka na mahindi kati ya Kibaigwa na mjini nikiwa na bastola kiunoni. Pale sokoni kuna vumbi la barabara na vumbi la magunia, na yote mawili hayajui kibebeo wala nguo. Likichanganyika na masizi ya baruti na vichembe vya shaba vinavyokwanguka kwenye maganda ya risasi, halafu likakuta oili, linageuka uji mweusi. Kwenye njia kavu, sehemu kubwa ya uchafu huo haipati pa kushika.

Risasi ikigoma, usikimbilie kukoki. Elekeza mtutu kwenye shabaha kwa nusu dakika hivi, kwa sababu kuna risasi inayochelewa kuwaka. Kisha chomoa magazini, toa risasi, uangalie kitako chake. Kishimo kikiwa kirefu kama cha zile zilizolia, shuku risasi. Kikiwa kifupi, shuku pini. Mwenzangu mmoja alikuwa tayari anataka kurudisha boksi zima dukani. Alama kwenye kiwashio ilikuwa ya kutafutia mwanga. Fundi alipoichomoa pini ilitoka imevaa utando mweusi, na kitambaa alichopitisha kikarudi kinametameta kwa chembe za shaba. Alipokausha, risasi za boksi lilelile zikalia.

Kabla hujagusa chochote: magazini nje, vuta slaidi, angalia chemba (pale risasi inapokaa tayari kulia) kwa macho na uipapase kwa kidole, na risasi zote zikae chumba kingine. Glock inakulazimu uvute kifyatulio kabla ya kuvua slaidi, kwa hiyo hapa hakuna utani, na mtutu uelekee mahali salama.

Kuitoa pini, unashusha kibomba cha plastiki kilichoishikilia springi kwa kijiti cha kufungulia, huku ukisukuma kifuniko cha nyuma ya slaidi kitelezeke chini. Kidole gumba kikae juu ya kifuniko muda wote, maana kuna springi mbili nyuma yake na zikiruka utazitafuta uvunguni mpaka Magharibi. Pini futa kwa kitambaa. Njia yenyewe pitishia vijiti vya pamba vilivyoloweshwa kidogo dawa ya kusafishia silaha, kisha vikavu, mpaka kimoja kitoke cheupe. Msumari na brashi ya chuma weka mbali: ndani mna bomba jembamba la plastiki, na likikwaruzwa umejitafutia kazi nyingine. Mafuta ya taa nayo yaache, yanabakiza utando. Upepo wa gereji siupendi, mara nyingi unakuja na maji.

Ukisharudisha vyote, jaribu slaidi ikiwa bado mkononi. Sukuma mkia wa pini mbele kwa kidole: ncha isichomoze kwenye tundu. Bonyeza kile kitufe cha usalama kilicho chini ya slaidi, sukuma tena: sasa ichomoze. Ikichomoza bila kitufe kubonyezwa, bastola hiyo haibebwi mpaka ionwe na fundi wa silaha anayetambulika kisheria. Usinipelekee kwa fundi pikipiki, hata kama ni shemeji yako.

Si lazima ufungue njia hiyo kila unaposafisha. Mimi huifungua mara moja kiangazi kinapoisha, na wakati mwingine wowote bastola ikiingia maji au tope. Usafi wa kawaida unataka jambo moja tu: unapopiga mswaki uso wa slaidi kuzunguka tundu la pini, ishike sehemu ya mbele ikitazama chini, dawa idondoke nje badala ya kuingia ndani.