Ukiona Nta, Usiende Kulala

Juzi ndugu mmoja wa Naivasha ameniandikia: "Kaka, farasi wangu ametimiza siku 345 tangu apandwe, hajazaa. Au nilihesabu vibaya?"

Hukukosea. Farasi hubeba mimba siku 340 hivi, lakini wapo wanaozaa siku ya 320 na wapo wanaofika 360, na mtoto akatoka salama. Anayetaka tarehe ya uhakika afuge kuku.

Hesabu hiyo ilishaniliza. Farasi jike wa kwanza niliyekabidhiwa nikiwa saisi, yaani mtunza farasi, nilimwekea alama za chaki ukutani. Siku ya 331 nikaona vitone vya nta kwenye chuchu, vya manjano, kama gundi iliyokauka. Nikatazama ukuta, nikasema bado siku tisa, nikaenda zangu kulala. Saa kumi na moja alfajiri nikamkuta mama anamlamba mtoto asiyepumua, utando umemziba pua. Mwili bado ulikuwa na joto. Utando ule unachanwa kwa vidole viwili tu. Mwenye farasi hakunifokea. Aliniuliza, "Ulikuwa wapi?"

Basi mwezi jana, jike mwingine. Kiwele kilianza kujaa wiki tatu kabla. Kila jioni nilikamua tone moja juu ya karatasi ya kupimia asidi, zile zile za maji ya mabwawa ya kuogelea. Ikasoma 7, ikasoma 7, halafu jioni moja ikashuka hadi 6.2, dalili kwamba kuzaa kumekaribia. Nyama za pembeni mwa mkia zilikuwa zimelegea, ukizigusa zinatikisika. Daktari akaniambia kwa simu, labda wiki ijayo. Nikamjibu, kwa heshima zote daktari, ni leo. Nikavuta kiti, blanketi na chupa ya chai.

Saa saba usiku akaanza kutoka jasho, analala, anaamka, anageuka kutazama ubavu wake. Maji yakamwagika, na hazikupita dakika ishirini mtoto yuko chini. Ndani ya saa moja kasimama, ya pili ananyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, na kabla ya ya tatu kondo la nyuma limetoka lote. Daktari nilimtumia picha, bila neno.

Vijana mnaniudhi kidogo. Mnafunga kamera bandani kisha mnakoroma. Angalieni kiwele! Asubuhi kiwele, jioni kiwele, na nta ikitokea ukae hapo hapo, kwani farasi wengi huzaa usiku. Na ukiona kinachotangulia ni kifuko chekundu kama mahameli badala ya utando mweupe, usianze kutafuta namba za simu. Kipasue, msaidie mtoto atoke, ndipo umwite daktari.

Wewe wa Naivasha, nitumie picha ya chuchu leo jioni. Ya chuchu, si ya farasi mzima.