Muulize Saisi: Mpanda farasi wa timu ya taifa hupatikanaje?

Mwenye safu hii alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, Maskati, kisha Uingereza. Sasa yuko kwao Tanga, na hujibu barua za wasomaji kuhusu farasi, punda na ng'ombe. Mwezi huu barua za ng'ombe zisubiri.

SWALI: Shikamoo Mzee Saisi. Sisi ni watu wa baraza la kahawa, Barabara ya 9, Ngamiani. Tangu Olimpiki ya Paris mwaka 2024 tuna ubishi usiokwisha. Kwenye yale mashindano ya farasi ya siku tatu, Japani walimtoa mtu mmoja siku ya mwisho, wakamwingiza mwingine, na bado wakaondoka na shaba. Nusu ya baraza inasema haiwezekani. Na hiyo timu ya taifa yenyewe huchaguliwaje? Kuna ligi?

JIBU: Marahaba, wanangu. Waliosema inawezekana wanunuliwe kahawa na kashata.

Mambo yalikuwa hivi. Timu ni wapandaji watatu, na wa nne anakaa pembeni kama akiba. Kwanza ni diresaji: farasi anatembea, anakwenda matiti (yaani mbio za polepole), anakimbia kwa adabu ndani ya uwanja mdogo, majaji wakimpa asilimia. Kisha nyika, kilomita kadhaa za magogo, mitaro na maji. Mwisho kuruka viunzi. Hesabu yote ni ya adhabu, mwenye chache ndiye mshindi. Japani walitoka nyikani wakiwa wa tatu. Farasi wa Ryuzo Kitajima hakuendelea baada ya ukaguzi wa kuangalia kama farasi ni wazima, akaingia Toshiyuki Tanaka, timu ikabebeshwa adhabu 20 kwa kubadilisha mtu, na hata hivyo wakabaki pale pale, nyuma ya Uingereza na Ufaransa.

Huo ukaguzi televisheni haiuonyeshi sana, lakini sisi masaisi ndio uliokuwa ukitunyima usingizi. Usiku umeshamkanda farasi miguu kwa barafu. Unaamka kabla ya adhana, na kazi ya kwanza ni kupitisha kiganja mguuni, kutoka gotini mpaka kwenye kifundo, polepole, mguu kwa mguu. Ukiwa wa baridi, alhamdulillahi. Ukikuta joto mahali pamoja, hata pakiwa padogo kama sarafu ya shilingi mia, unakwenda kumgongea daktari. Kukikucha, farasi anasukwa singa na kung'arishwa, mpandaji anavaa suti, anashika hatamu na kukimbia naye matiti kwenye ardhi ngumu mbele ya majaji. Hapo mpandaji hana anayemtazama. Na wako wazee ambao hata farasi hawamtazami. Wanainamisha kichwa wanasikiliza kwato: ta-ta, ta-ta, ta-ta. Ikitoka moja nzito kuliko mwenzake, farasi anapelekwa kando apimwe tena, na wewe saisi unabaki umeshika blanketi mkononi hujui uliweke wapi.

Nimeanzia huko makusudi. Linapochagua, taifa huchagua jozi: mtu na farasi wake. Mguu mmoja ukipata joto, jozi haipo tena, hata mtu awe bingwa namna gani.

Ligi hakuna. Kuna mashindano yaliyopangwa kwa nyota, moja hadi tano, chini ya shirikisho la kimataifa, FEI, lenye makao yake Lausanne. Mashindano ya Badminton na ya Burghley, kule Uingereza, ni ya nyota tano. Jozi inayotaka kwenda michezo mikubwa lazima kwanza ipate alama za kufuzu kwenye mashindano ya ngazi inayotakiwa: diresaji isipungue asilimia 55, nyikani farasi asikatae kizuizi hata kimoja, wala asichelewe kupita sekunde 75, au 100 kwa mashindano marefu, na kwenye viunzi adhabu za kuangusha zisizidi 16, yaani fito nne. Ukiyapata hayo na farasi mweusi, huwezi kusafiri na mwekundu.

Wenye alama wakishajulikana, shirikisho la nchi linatoa orodha ndefu. Waraka wa vigezo unakuwa umetangazwa mapema, pamoja na mashindano ambayo wateuzi watakuja kuangalia. Orodha inachujwa, inachujwa tena, madaktari wa farasi wanapita mazizini, na majina yanatoka wiki chache kabla ya safari.

Sasa hapa ndipo penye utamu, na ndipo watu wengi wanapopotea. Wateuzi hawatafuti jozi inayoweza kushinda siku ikiamka vizuri. Wanatafuta inayomaliza salama kila mara. Fanyeni hesabu pale barazani. Jozi ya kwanza inapata asilimia 76 kwenye diresaji; zilizobaki kufika mia ndizo adhabu, yaani 24, watu wanapiga makofi. Ya pili inapata 68, adhabu 32, hakuna anayegeuka. Nyikani farasi wa kwanza anasita mbele ya maji mara moja: adhabu 20, jumla 44. Wa pili anaruka vyote na kuchelewa sekunde 10; kila sekunde ni 0.4, basi anaongeza 4 tu, jumla 36. Yule wa makofi ameshaachwa nyuma, na hapo hajachelewa hata sekunde.

Zamani timu ilikuwa na mtu wa ziada, na matokeo mabaya kuliko yote yalitupwa. Mashindano ya dunia mpaka leo wanapanda wanne na kuhesabiwa watatu bora, kwa hiyo mteuzi anaweza kumchukua mmoja wa kubahatisha. Olimpiki, tangu ile ya Tokyo iliyofanyika 2021, wanapanda watatu na wote wanahesabiwa. Anayetolewa nyikani anaipa timu yake adhabu 200. Mkiwa nyinyi ndio wateuzi, mtamchukua nani? Mimi namchukua yule wa asilimia 68, na wala sijiulizi mara mbili.

SWALI: Assalaam aleikum mzee wangu. Mimi ni mama wa Muheza. Binti yangu anafanya kazi kwenye zizi la farasi Uingereza. Bosi wake, mwanamke anayepanda farasi ambao binti anawatunza, ameshinda mashindano mawili msimu huu, na timu ya taifa imetajwa bila jina lake. Binti amenipigia simu analia. Huo si upendeleo?

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Mpe pole binti, kilio hicho nakijua. Lakini kabla ya kusema upendeleo, muulize mambo haya.

Alishinda ya nyota ngapi? Kushinda mara mbili ngazi ya nyota mbili ni jambo la heri, ila mteuzi wa timu kubwa haliandiki. Pili, alishinda na farasi yupi? Kama ushindi mmoja ni wa farasi huyu na mwingine wa yule, basi ana jozi mbili zenye ushindi mmoja mmoja. Na farasi ana umri gani? Wa Olimpiki hapungui miaka 8. Halafu la nne, ambalo binti yako huenda analijua kuliko sisi kwa sababu yeye ndiye anayelala karibu na zizi: farasi ni mali ya nani? Wapandaji wengi hupanda farasi wa watu. Sheria ya Olimpiki inataka farasi awe ameandikishwa kwa mmiliki wa taifa lile lile ifikapo Januari ya mwaka wa michezo. Tajiri akimuuza Februari kwa mtu wa nchi nyingine, mpandaji anabaki na tandiko.

Na ajue kwamba hata mabingwa huachwa. Yasmin Ingham alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2022. Miaka miwili baadaye Uingereza walimpeleka Paris kama akiba, akashuhudia Laura Collett, Ros Canter na Tom McEwen wakichukua dhahabu ya timu. Farasi aliyekuwa naye Paris hakuwa yule wa ubingwa.

Sisemi upendeleo haupo duniani. Mteuzi ni binadamu, ana macho yanayopenda na yasiyopenda. Ndiyo maana vigezo vikaandikwa, na ndiyo maana kuna pa kushtaki. Mwaka 2012 Alexander Peternell wa Afrika Kusini aliachwa, nafasi ya nchi akapewa mwenzake. Akaenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, mahakama ikampa haki, na ni yeye aliyepanda London. Muda ulikuwa umebaki wa kuhesabu siku.

Kuna wanaotaka uteuzi uwe wa kukokotoa alama tu, wateuzi waondolewe. Mimi siungi mkono. Alama za Mei hazikwambii mguu wa farasi ukoje Julai, na miguu haisomi waraka. Mtu mmoja anayejua farasi lazima abaki na neno la mwisho, mradi alitoe kwa maandishi na sababu zake zionekane. Bosi wa binti yako anaweza kuomba sababu hizo. Aziombe mapema, kwa upole, kwa barua.

SWALI: Wanawake na wanaume hupewa timu mbalimbali?

JIBU: Hapana, ni timu moja na ubao mmoja wa matokeo. Mwanamke wa kwanza kupanda mashindano haya ya siku tatu Olimpiki ni Lana du Pont wa Marekani, Tokyo 1964, akarudi na fedha ya timu. Dhahabu ya mpandaji mmoja mmoja ilimfikia mwanamke Tokyo hiyo hiyo, ile iliyofanyika 2021: Julia Krajewski wa Ujerumani.

SWALI: Shikamoo babu. Nina miaka 14, niko Pangani. Huwa nampanda punda wa baba anayebeba nazi. Je, mimi naweza kufika huko? Na kwa nini kwetu hakuna farasi?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Farasi huku pwani hawaishi raha. Kuna mbung'o, na kuna homa ya farasi inayoenezwa na usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu wanaouma magharibi na usiku. Haina dawa, kinga yake ni chanjo. Punda anaistahimili kuliko farasi, ndiyo maana baba yako ana punda. Homa hiyo hiyo iliwafanya farasi wa Afrika Kusini wazuiwe kwa miaka mingi kupelekwa Ulaya moja kwa moja, na wapandaji wao wakubwa wakahamia huko huko.

Waafrika wanafika, usidanganywe. Noor Slaoui wa Moroko alipanda Paris. Ila ilivyo sasa utalazimika kujifunzia kazi nje, na njia ya masikini ni ile ile niliyopita mimi na anayopita binti wa yule mama wa Muheza: unaanza na reki na ndoo ya maji, unasafisha zizi, unapewa wa kutembeza, siku moja unapewa wa kupanda. Kwa sasa mpande huyo punda bila tandiko, mikono umeiachia, mpaka uweze kukaa akigeuka ghafla. Asiwe amebeba nazi.

Olimpiki ya 2032 ni Brisbane, Australia. Nchi hiyo ni kali kwa karantini: michezo ya Melbourne ya 1956, farasi walikataliwa kuingia, wakashindana Stockholm. Sydney mwaka 2000 waliruhusiwa. Kufika 2032 utakuwa umeshavuka miaka 18 inayotakiwa kwa mpandaji. Farasi wako naye awe na miaka 8, maana yake aliyezaliwa 2024 au kabla, na ifikapo Januari 2032 cheti chake kisome mmiliki Mtanzania. Bei ya farasi wa namna hiyo usimtajie baba kabla hajauza nazi.