Maabara Ikifungwa, Fundisha Kompyuta kwa Bao

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa huku Kusini na kukabidhiwa somo la kompyuta, nakuandikia wewe. Mimi nina mwaka wa tisa nalifundisha, katika sekondari moja ya Wilaya ya Tandahimba.

Nilipofika nilikuta kompyuta 12 za msaada. Zilizowaka zilikuwa 4, na chumba kilikuwa na kufuli kwa kuhofia wizi. Muhula wote wa kwanza nilichora kibodi ubaoni, wanafunzi wakakariri majina ya vifaa, na jaribio wakalifaulu vizuri tu. Siku moja nikawaambia waniandikie hatua za kutafuta jina moja katika orodha ya darasa iliyopangwa kwa alfabeti. Wote walianza na jina la kwanza, wakashuka moja moja hadi chini. Iliniuma sana. Nilikuwa nimewafundisha kuijua kompyuta kwa sura, na wala sikuwa nimewafundisha kufikiri.

Sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi tunayo tangu 2007, na mitaala imeboreshwa tena kufuatia toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo. Maandishi yapo. Ila mtoto wa kidato cha kwanza aliye mbele yako leo hawezi kusubiri maabara ikamilike, ndiyo maana nakushauri uanze na bao.

Naam, bao lile lile wanalocheza wazee chini ya mwembe. Lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji anachota kete, anazimwaga moja moja. Ya mwisho ikiangukia shimo tupu, amelala, zamu inahama. Ikikuta kete, anatazama kama anaweza kula; akishindwa kula anachota hizo hizo na kuendelea. Waambie wanafunzi waandike sheria hiyo kwa hatua zenye namba, kisha mmoja asiyejua bao aifuate neno kwa neno bila kuuliza chochote. Hatua ikirukwa, mchezo unakwama mbele ya macho yao. Wakisharekebisha mara tatu au nne wanakuwa wameandika programu yenye masharti na marudio, na hawajagusa hata kipanya. Darasa langu la kwanza kufanya hivyo lilibishana mpaka kengele ya kutoka ikapita.

Kete zile zile 64 zipange kwa mstari. Fikiria moja, wao waulize, "Iko nusu ya kushoto?" Kila jibu linakata nusu: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Maswali 6 yanatosha. Rudini sasa kwenye ile orodha ya majina uone kama kuna atakayeanzia juu.

Haya yote yafundishe kwanza kwa Kiswahili. Najua mtihani ni wa Kiingereza, na wakaguzi wengine hawapendi, lakini nimeona wenye akili kabisa wakinyamaza kwa sababu ya lugha. Wakishaelewa, wape istilahi za Kiingereza waziandike kando ya hatua zao wenyewe.

Kuhusu mashine, usitegemee intaneti. Scratch, programu ya kujifunzia kuandika programu kwa kuunganisha vipande vya amri, iliyotengenezwa chuo kikuu cha MIT kule Marekani na kutolewa 2007, unaweza kuipakua mjini Mtwara, ukaibeba kwenye fleshi na kuisakinisha. Inafanya kazi bila mtandao. Kama kompyuta zako bado zina Windows 7, na unataka Python, lugha ya kuandikia programu, tafuta toleo la 3.8, maana matoleo ya baadaye hayaikubali. Mimi nilipoteza wiki mbili kabla ya kulijua hilo. Umeme ukikatika, chomoa kila kitu ukutani kabla haujarudi. Na vitendo vimalize kabla ya Septemba, kwani korosho zikianza kudondoka nusu ya darasa wako shambani na wazazi wao, na siwezi kuwalaumu.

Jambo la mwisho ni ufunguo. Mwombe mkuu wa shule ukae nao wewe, hata kama ni kwa kuandikishana. Kompyuta 4 kwa wanafunzi 40 zinatosha ukiwagawa makundi: kundi moja likiwa kwenye mashine, mengine yako nje na bao yakiandika hatua watakazokuja kuzijaribu zamu yao ikifika. Mbao za bao hatukununua. Tulichimba mashimo kwenye mchanga nyuma ya darasa, kete tukatumia mbegu za komwe.